Zuhura Juu ya Tanuru

Jumatatu, 3 Juni 1996. Kilosa.

Masika yamekwisha, mto Mkondoa umerudi kwenye njia yake, na udongo wa kando ya mto umeshika vizuri. Leo tumefyatua tofali za kwanza za msimu. Leo pia nimejiandikisha Mtihani wa Maarifa, mimi Filomena, mama Aneth, mfyatua tofali, umri miaka thelathini na sita.

Msichana wa dirishani aliniuliza, "Unamwandikisha mtoto?"

"Namwandikisha mama yake," nikamwambia.

Hasira zangu naziandika hapa mara moja, nisizirudie kila ukurasa. Mwaka 1974 nilikuwa wa kwanza darasa la saba, shule nzima ilijua, na nafasi ya sekondari ikaenda kwa mtu ambaye kugawanya kwa tarakimu mbili kulikuwa kunamshinda. Hiyo moja. Ya pili ni ya mwaka jana. Wazazi wa Mikumi wanajenga sekondari yao. Siku hizi ruhusa ipo, mwenye nguvu anajenga. Tofali zote za jengo hilo zimetoka kwangu. Nikaomba niingie kwenye kamati ya ujenzi. Mwenyekiti wao, Bwana Paulo, akanijibu kwa upole kabisa: "Mama Aneth, kamati inataka watu wa kidato cha nne." Tofali zangu zinaingia, mimi siingii.

Haya. Nitakitafuta hicho kidato cha nne, na mlango wake kwa sisi tusiopita sekondari ni Maarifa. Mtihani ni mwanzoni mwa Novemba.

Alhamisi, 6 Juni.

Darasa limeanza. Tumeazima chumba cha shule ya msingi, Jumanne na Alhamisi, watoto wakishatoka. Tuko wanane. Ninaowafahamu vizuri ni Joyce, mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, na Onesphory, karani wa stesheni, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani. Wamenichagua mwenyekiti kwa sababu ndimi niliyekwenda kuomba chumba.

Masomo mengine tunajisomea wenyewe. Jiografia na sayansi yametushinda, kwa hiyo tumemtafuta Mwalimu Optatus. Si mwalimu wa kusomea. Alikuwa mtu wa miamba kwenye shirika moja la umma, akizunguka nchi nzima na nyundo. Shirika limefungwa, wamepunguzwa wote, yeye akarudi Kilosa kwa mkewe Ida anayeuza vitumbua stesheni. Anatufundisha kwa Kiswahili, halafu anatuandikisha kwa Kiingereza, maana mtihani ni wa Kiingereza.

Ana tabia moja sijaipenda. Akifundisha anafumba macho. Joyce ameninong'oneza, "Dada Filo, huyu amelala au amelewa?"

Jumanne, 11 Juni.

Miamba. Nimeelewa yote. Udongo wa tofali nimeshinda nao miaka kumi na saba bila kujua kwamba ulikuwa jiwe.

Alhamisi, 20 Juni.

Leo Mwezi. Mwalimu alikuja na mawe mawili mfukoni, jeusi zito na jeupe la chengachenga. Akasema yale madoa meusi tunayoyaona mwezini ni nyanda za lava iliyomwagika zamani ikaganda, jiwe lake ni ndugu wa hili jeusi. Pale peupe ni milima ya kale zaidi, imetobolewa na mawe yaliyoanguka toka angani. Hakuna hewa, hakuna upepo, hakuna mvua, kwa hiyo hakuna kinachofutika.

"Hata nyayo za wale waliotua?" Onesphory akauliza.

"Zipo vilevile."

Nikakumbuka tofali zangu. Kila msimu mbuzi anapita juu ya tofali mbichi uwanjani, na alama ya kwato inaingia tanuruni na kutoka imeungua. Kuna nyumba hapa Kilosa ina kwato ukutani, imeshapita mvua zote na ipo. Nilisema hivyo darasani. Mwalimu akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Naam. Hivyo hivyo."

Nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi kwa neno dogo kama hilo.

Jumanne, 2 Julai.

Baridi asubuhi. Tofali zinakauka polepole. Darasani tulisoma habari za hewa, sikuelewa sehemu ya mgandamizo.

Jumanne, 16 Julai.

Nilitoka kabla jua halijachomoza kufunua tofali. Mashariki kuna nyota kubwa nyeupe inayowaka kama taa ya treni. Mzee Ditram, fundi wangu wa tanuru, anaiita ng'andu. Mwalimu anasema si nyota, ni Zuhura, sayari kama hii yetu, karibu inalingana nayo kwa ukubwa.

Jumanne, 30 Julai.

Naandika nikiwa nimekasirika, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Mwalimu alichora ubaoni Jua, na sayari nne za mawe kwa mpangilio: Utaridi, ambayo wengine wanaiita Zebaki, halafu Zuhura, Dunia, Mirihi. Akauliza ipi ina joto kuliko zote. Nikajibu bila kusita, Utaridi, ndiyo iliyo karibu na moto.

"Hapana. Zuhura."

Nikadhani amekosea kutamka. Akarudia akiwa amefumba macho. Zuhura imefunikwa na hewa nene ya kaboni dayoksaidi, nzito mara tisini kuliko hii tunayovuta. Mwanga unapenya, joto linashindwa kutoka. Chini huko ni nyuzi zaidi ya mia nne na sitini, mchana na usiku, na ile risasi ya mafundi redio ingekuwa maji. Utaridi haina hewa ya maana; upande wa jua unaungua, upande wa giza unaganda kuliko barafu.

Mimi mtu akiniambia jambo napiga hesabu. Nilikwenda ubaoni. Utaridi iko kilomita milioni hamsini na nane toka kwenye Jua, Zuhura milioni mia na nane. Gawanya, unapata moja nukta themanini na sita. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Zidisha kwa yenyewe: tatu nukta nne sita. Utaridi inapata jua karibu mara tatu na nusu ya Zuhura. Na hapo sijahesabu mawingu. Nikamuuliza, "Mwalimu, siku ya mawingu hapa Kilosa ni ya joto au ya baridi?"

Darasa likacheka. Akajibu, "Na usiku wa mawingu, Mama Aneth? Ni wa baridi au wa joto kuliko usiku wa nyota?"

Kila mfyatua tofali anajua kwamba ni wa joto, nami nikarudi kukaa. Akaongeza, kwa sauti ileile ya upole ya Bwana Paulo: "Hesabu yako sahihi. Jibu lako si sahihi."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka nyumbani. Miaka ishirini na miwili naambiwa hivyo hivyo. Hesabu sahihi, lakini nafasi si yako.

Alhamisi, 1 Agosti.

Nilikwenda misheni wanakouza vitabu vya zamani, nikapata kimoja cha jiografia, Kiingereza, jalada limeng'oka. Joyce akanisomea ukurasa wa Zuhura. Kimeandika waziwazi kwamba chini ya mawingu yake huenda kuna mabwawa na nchi ya majimaji, pengine na majani yanaota.

Nilikiweka mezani mbele ya darasa. Mwalimu akakipindua, akatafuta mwaka. "Kitabu hiki kilichapwa kabla chombo chochote hakijafika huko. Warusi walituma vyombo, vikatua. Vingine vilidumu saa moja tu vikaungua. Vilipima."

Onesphory akadakia, "Warusi gani, Mwalimu? Hawa ambao nchi yenyewe imewavunjikia mikononi?"

Chumba kizima kikacheka, hata mimi. Mwalimu hakucheka. Joyce akamwuliza kama ana kitabu kinachosema hivyo vipimo. Akasema vitabu vyake vilifungiwa ofisini shirika lilipofungwa, na mlango ukatiwa kufuli ya mtu mwingine. Kwa hiyo kitabu kiko upande wangu na hesabu iko upande wangu. Upande wake kuna macho yaliyofumbwa.

Nilisimama nikasema sisi ni watu wazima, tumeacha kazi zetu kuja hapa, na mtu asiyejua aseme hajui. Nikasema maneno mengine pia, kuhusu watu wanaofundisha wakiwa usingizini.

Alifuta ubao taratibu, pembe zote nne. Akaondoka.

Jumanne, 6 Agosti.

Hakuja. Tumekubaliana tutajisomea kwa kitabu cha misheni.

Jumatatu, 19 Agosti.

Onesphory, ambaye habari zote za mji zinapita dirishani kwake, anasema Mwalimu amekwenda Kidodi, amepata kazi kwenye mzani wa miwa hadi msimu uishe Desemba.

Jumatatu, 2 Septemba.

Tumeanza kupanga tanuru. Kubwa kuliko yote niliyowahi kupanga, midomo mitatu ya kuchochea moto kila upande. Ni la ukumbi wa ile sekondari ya Mikumi.

Alhamisi, 12 Septemba.

Darasani tulikuwa wanne. Tulijaribu maswali ya mtihani wa zamani. Swali: eleza kwa nini hakuna hali ya hewa mwezini. Joyce akasema kwa sababu ni mbali. Onesphory akasema kwa sababu hakuna ofisi ya hali ya hewa. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Mwalimu alishatueleza mwezi Juni. Mwezi ni mwepesi, nguvu yake ya kuvuta haitoshi kushika hewa. Nilikumbuka maneno lakini sikuweza kuyapanga kwa Kiingereza. Hakuna wa kutusahihishia.

Joyce aliniambia tukiwa tunafunga mlango, "Dada Filo, ulishinda ubishi. Sasa tutafaulu na nini?"

Nikafunga kufuli.

Jumanne, 24 Septemba.

Tumewasha tanuru.

Ijumaa, 27 Septemba.

Siku hii nitaiandika yote.

Moto ulikuwa umepanda vizuri siku tatu. Alfajiri mawingu yakaonekana upande wa milima ya Rubeho, na upepo wa unyevunyevu. Mvua ikigusa tofali za moto zinapasuka kama vigae. Msimu mzima unakwenda. Nikaamuru juu ya tanuru pakandikwe udongo mara mbili, hapo hapo, moto ukiwa bado unakula magogo chini.

Mzee Ditram akaweka beleshi chini. "Mama, tanuru linapumulia utosini. Ukiliziba kabla hujafunga midomo, joto litakwenda wapi?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usiniamkie mara ya pili asubuhi moja ili ninyamaze."

"Mzee, mvua ile unaiona?"

"Naiona. Na tanuru naliona."

Nikapanda mwenyewe nikakandika. Naye akapanda, kwa sababu hawezi kuona kazi inafanywa vibaya. Udongo wote tuliokanda ukaishia juu. Upande wa mto, kwenye mdomo wa kati, ukandiko ulikuwa umebanduka na upepo unaingia. Mzee akaomba udongo wa kuziba. Haukubaki.

Tulikuwa juu ya tanuru namna hiyo, miguu inaungua, aliposema, "Tazama Mwezi."

Ulikuwa unashuka magharibi, juu kidogo ya mawingu, mwezi mpevu, na ulikuwa unaliwa. Kivuli kilipanda polepole hadi kikaumeza wote, lakini haukuwa mweusi. Ukawa mwekundu. Mwekundu kabisa wa tofali iliyotoka tanuruni jana. Waliokuwa wakienda swala ya alfajiri walisimama barabarani. Baadaye tukasikia wanaswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Upande wa pili, mashariki, Zuhura ilikuwa juu peke yake, nyeupe, kama haihusiki.

Mzee Ditram akaniuliza, "Wewe unasoma. Kwa nini mwekundu?"

Kivuli ninakijua, Dunia imekaa katikati ya Jua na Mwezi. Lakini kivuli ni cheusi. Wekundu unatoka wapi? Nilimjibu, "Sijui, Mzee." Mtu mmoja tu katika wilaya hii angeweza kuniambia, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Mvua haikunyesha. Matone kumi, labda.

Jumamosi, 28 Septemba.

Tumefunga midomo. Sasa ni kusubiri lipoe.

Jumamosi, 5 Oktoba.

Tumefungua.

Safu za juu kabisa, zile za mbali na moto kuliko zote, zimeyeyuka. Tofali zimeshikana tano tano, sita sita, nyeusi, zinang'aa kama chupa. Beleshi linagonga na kurudi. Na chini, kwenye mdomo wa kati uliokosa udongo, tofali zilizopakana na moto wenyewe zimetoka upande mmoja umebabuka, upande wa pili mbichi. Ukizimwagia maji upande huo, zinakuwa tope. Katikati, hamdulillahi, kama anavyosema Mzee, zimeiva vizuri. Mikumi watapata zao.

Mzee Ditram hakusema nilikuambia. Alisema tu, "Zimekosa pa kupumulia."

Nilikaa chini na tonge moja jeusi mapajani. Mbali na moto, imefunikwa: imeyeyuka. Kando ya moto, iko wazi: upande mmoja umeungua, upande mmoja baridi. Ile tatu nukta nne sita iko palepale, hakuna aliyeigusa. Moto wa chini ulikuwa mkali mara nyingi kuliko wa juu. Nilihesabu joto linaloingia. Sikuhesabu linalotoka.

Jumatatu, 7 Oktoba.

Nilikwenda stesheni kwa Ida. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuinua uso.

"Za kazi, Mama?"

"Nzuri. Vitumbua vimebaki vya watu wasiolala."

Nikastahili; maneno yangu ya usingizini yalikuwa yamemfikia. Nikamwambia nataka kujua Mwalimu anafikia wapi Kidodi.

"Unataka kumfukuza na huko?"

"Nataka kumrudisha."

Ndipo akanitazama. "Unajua kwa nini anafumba macho? Ule mwaka wa mwisho wa shirika waliwapa picha walizopiga Wamarekani, za hiyo Zuhura yake, milima yake na mashimo yake. Zikafungiwa pamoja na vitabu. Akifumba ndiyo anaziona. Hata mimi akinieleza habari za unga anafumba." Akanifungia vitumbua sita kwenye gazeti. "Mpelekee. Wewe usile."

Jumatano, 9 Oktoba. Kidodi.

Nilidandia lori la tofali hadi Mikumi, halafu lori tupu la miwa hadi Kidodi. Nilimkuta mzanini, kofia ya majani kichwani, malori yamepanga foleni hadi barabarani, madereva wanapiga kelele kila mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Aneth. Umeleta hesabu nyingine?"

Nilitoa vitumbua. Nilitoa tonge jeusi. Nilitoa na tofali ya mdomoni, nusu nyekundu, nusu mbichi. Akayachukua, akayageuza, macho wazi kabisa.

"Hili lilikuwa wapi?"

"Juu. Mbali na moto kuliko zote. Nililiziba kwa udongo mara mbili."

"Na hii?"

"Mdomoni. Ukandiko ulibanduka."

Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa amenyimwa kicheko siku nyingi. Dereva mmoja akapiga honi. "Ngoja!" akamwambia. "Zuhura imefika Kidodi."

Nilikuwa nimekuja kusema neno moja na nikalisema. "Samahani, Mwalimu. Nilikutukana na sikuwa na haki."

"Hesabu ilikuwa sahihi."

"Ndiyo iliyoniponza."

Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyo, akanisahihisha. Nisije nikaandika kwenye mtihani kwamba Zuhura ni tanuru. Tanuru limezibwa na udongo, hewa ya moto imekosa njia. Zuhura haina kifuniko kigumu. Hewa yenyewe ndiyo inayolinasa joto likitaka kupanda kurudi angani. "Mfano unakufikisha mlangoni," alisema. "Ndani unaingia mwenyewe."

Nikamwambia kuna kitu kinanisumbua. Alishatuambia kwamba Mirihi nayo hewa yake ni kaboni dayoksaidi hiyo hiyo. Mbona baridi?

"Nyembamba mno. Haifiki hata sehemu moja ya mia ya hewa yetu. Utajifunika chandarua wakati wa baridi? Chandarua ni kitambaa pia."

Na Mwezi ule mwekundu? Hapo akafumba macho, nami nikangoja. Alisema Dunia ikiziba Jua, hewa yetu inayoizunguka kama ukingo wa sahani inapinda mwanga kidogo na kuupitisha. Rangi nyingine zinatawanyika njiani, nyekundu inafika. "Unajua jua linavyokuwa jekundu likichomoza na likizama? Ule ulikuwa mwanga wa macheo yote na machweo yote ya Dunia kwa wakati mmoja, umeangukia mwezini. Dunia isingekuwa na hewa, ungeona giza."

Nilisimama katikati ya makapi ya miwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Kurudi Kilosa hawezi, mzani haumwachii hadi Desemba. Jumapili tu ndiyo yake. Mtihani ni tarehe nne Novemba. Kilosa ni mbali kwake, Kidodi ni mbali kwetu. Nikamwambia, "Mikumi basi, katikati. Nina lori linalopeleka tofali kila Jumapili. Darasa litapanda juu ya tofali."

"Na chumba?"

"Chumba kipo. Nimekichoma mwenyewe."

Jumapili, 13 Oktoba. Mikumi.

Tuko saba. Joyce amevaa kitenge cha kazi juu ya gauni la kanisani. Onesphory aliimba njia nzima.

Jengo la wazazi halijaezekwa. Kuta tu, na jua linaingia lote. Tuliketi juu ya tofali. Kabla Mwalimu hajaanza, Onesphory alisimama akasema, "Mwalimu, kuhusu wale Warusi..." Mwalimu akamwambia, "Kaa. Vyombo vyao vilivyokaa saa moja kwenye joto lile vinakuzidi wewe unayelalamikia lori." Imekwisha hivyo.

Tulisoma hadi vivuli vikageuka. Mirihi: vumbi lake jekundu ni chuma kilichoshika kutu. Nikavunja tofali mbili tukatazama. Iliyopata hewa wakati wa kuungua ni nyekundu hadi ndani, iliyokosa ina kiini cheusi. Udongo mmoja, chuma kilekile. Joyce ameandika yote kwa Kiingereza, akatusomea, Mwalimu akasahihisha.

Jumapili, 20 Oktoba. Mikumi.

Bwana Paulo alitukuta. Alisimama kwenye uwazi wa mlango.

"Mama Aneth, hapa hapajafunguliwa."

"Hapajaezekwa pia, Mwenyekiti. Tunawahi kabla hamjatuzibia jua."

"Kamati haina taarifa."

"Kamati inataka watu wa kidato cha nne. Tunawatengeneza."

Wenzangu wakainamisha vichwa kwenye madaftari. Bwana Paulo akatafuta pa kutazama, akaliona tonge jeusi pembeni. "Na hili dude?"

"Hiyo Zuhura," Mwalimu akasema. "Karibu uketi, Mwenyekiti, tuko kwenye Utaridi."

Alisema hana nafasi. Akasimama palepale hadi mwisho wa somo, amejiegemeza ukutani. Alipoondoka akasema mbao za paa zinafika mwisho wa mwezi, tuwe tumemaliza. Nikagundua ile sauti ya upole si ya kunidharau mimi peke yangu. Anaongea na kila mtu hivyo, hata na fundi wa mbao. Kidato cha nne bado nakidai.

Jumapili, 27 Oktoba. Mikumi.

Somo la mwisho. Mwalimu aliuliza maswali mfululizo kama mtu anayepakua miwa. Nilikosa matatu, nikayarudia kwa sauti kwenye lori hadi Onesphory akaniomba nimhurumie.

Jumamosi, 2 Novemba.

Mawingu ya kweli sasa. Tofali zote zimefunikwa nyasi. Nimesoma.

Jumatatu, 4 Novemba. Kilosa.

Tumefanya jiografia. Mvua ilianza tukiwa ndani, bati likapiga kelele hadi msimamizi akawa anatupa ishara kwa mikono.

Swali la sayari lilikuwa moja, dogo kuliko yote. Taja sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Basi. Mstari mmoja wa kujaza. Hata yule aliyechukua nafasi yangu mwaka 1974 angelijibu.

Nilijaza: Mercury. Nikamaliza karatasi yote, nikakagua hesabu za ramani mara mbili, muda ukabaki. Nikarudi kwenye ule mstari. Chini yake kulikuwa na nafasi nyeupe. Nikaandika kwa Kiingereza changu, kilichopinda lakini kinachosimama: hii ndiyo ya karibu, inapata mwanga mara tatu nukta nne sita ya Zuhura, lakini Zuhura ndiyo yenye joto zaidi, na sababu zake ni hizi. Nikaeleza hewa nene, nikaeleza kinachoingia na kinachotoka, nikaeleza kwa nini Mirihi yenye hewa hiyohiyo ni baridi. Nilijaza nafasi yote hadi pembeni. Tanuru sikulitaja.

Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa mzanini akaja na basi. Alikuwa barazani kwa Ida stesheni, mvua inamwagika toka kwenye paa, tonge letu jeusi linashikilia turubai la vitumbua lisipeperuke. Nilimweleza nilichofanya. Akafumbua macho makubwa.

"Mama Aneth! Hawakuuliza hilo. Ukiandika usichoulizwa wanaweza kukupunguzia alama."

"Wapunguze," nikasema, nikachukua kitumbua. Ida hakunizuia.